Hema la Milango Miwili

Hema letu lilikuwa na milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ninalisema hilo mapema kwa sababu bila ule mlango wa nyuma nisingekuwa na cha kusimulia. Mbele aliingia baba mkwe wangu. Nyuma nilitoka mimi, mtoto mgongoni, mwingine nimemshika mkono, na mara moja hata na mwiko wa ugali ambao niliusahau mkononi. Siku hizi wajukuu zangu wananisimulia jinsi watu wanavyolipa ili wakalale kwenye mahema mbugani, ati kujifurahisha. Ninawasikiliza tu. Mimi nilikaa hemani na mtoto wa kunyonya na mwingine wa miaka mitatu, kiangazi kizima hata mvua zikanikuta humo, na sidhani kama yupo kati yao aliyefurahi kama nilivyofurahi mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Mume wangu alikuwa nyapara wa kikosi cha barabara, ile barabara kubwa ya Mbeya kwenda Iringa, ambayo siku hizo kiangazi ilikuwa vumbi na masika ilikuwa ya kumwomba Mungu. Kwetu ni milimani, Rungwe, penye migomba na ukungu, na yeye alikuja nyumbani mara chache, akakaa kidogo, akaondoka. Mara ya mwisho alipokuja, mwanangu wa kwanza alijificha nyuma yangu akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu ziko karibu, kwetu wanajua, na siku ile zilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia, "Baba watoto, safari hii unarudi na sisi."

"Kambini hakuna nyumba, mama watoto."

"Kuna nini?"

"Mahema tu."

"Basi tutakaa hemani. Mtu hakai na nyumba, mtu anakaa na watu wake."

Mimi nikaanza kukunja nguo za watoto siku hiyo hiyo kabla hajapata la kusema.

Aliyepinga alikuwa baba yake. Hapa lazima nieleze, maana si kila mtu anajua mambo ya kwetu. Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake. Sisemi kwamba hamzoei, hamwoni kabisa. Ukisikia anakuja njiani unaingia migombani, unafunika kichwa na kugeuka mpaka apite. Nyumba aliyomo huingii, neno humwambii, naye hakuambii. Wazee walisema ukivunja mwiko huo watoto wako ndio wataadhibiwa, tumbo litawaendesha mpaka wabaki mifupa. Baba mkwe wangu alikuwa Mkristo, mzee wa kanisa, na kengele ya Jumapili aliigonga yeye. Mambo mengi ya zamani alikuwa ameyaacha. Hili hakuliacha, na mimi sikutaka kulijaribia kwenye tumbo la mwanangu. Kwa hiyo miaka yote tangu niolewe nilijua kikohozi chake, na nilijua koti lake jeusi kwa nyuma, basi.

Lakini mwiko ulikuwa wangu, haukuwa wa mtoto. Mama mkwe alikuwa amefariki, na mzee alibaki peke yake katika nyumba yake ya mianzi, nyumba nzuri kuliko zote pale kijijini, maana kujenga alikuwa anajua kwelikweli. Kila asubuhi mwanangu alivuka migomba akaenda kwa babu yake kula ndizi za kuchoma. Mchana alirudi na majivu mdomoni, akiwa ameshiba na ana maneno mengi.

Mzee alipopata habari ya safari alimtuma mume wangu aje aniambie kwamba wajukuu zake hawawezi kulala chini ya kitambaa kama kwale porini. Tena huko kuna simba. Simba wa upande wa Njombe, wale waliokula watu, kila mtu alikuwa bado anawakumbuka. Nilimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, nikamwambia amjibu baba yake kwamba nimesikia. Kusikia nilisikia. Keshoye tukapanda basi.

Sitaisahau ile safari. Tulilala Mbeya mjini kwa jamaa, asubuhi tukapakiwa kwenye lori la kikosi, juu ya magunia na mapipa, mimi na mbeleko yangu katikati ya wanaume. Tulipoteremka milima na kuuona uwanda wa Usangu, nilipiga kigelegele bila kujua. Nilikuwa sijawahi kuona nchi iliyolala chini namna ile. Kila mahali nyasi za rangi ya simba, ng'ombe wa Wasangu wakionekana wadogo kama siafu, na mbingu mpaka chini. Mwanangu alisimama juu ya gunia, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mama, milima imeenda wapi?" Wanaume walicheka mpaka dereva akapiga honi kuuliza kuna nini.

Kambi ilikuwa kandokando ya barabara, mahema kwa mstari, mbele yake greda na shindilia la kukandamiza barabara na mapipa ya maji. Hema letu lilinuka turubai na mafuta ya taa, na jua likilipiga lilikuwa jekundu ndani, hata sura ya mtoto mchanga ilikuwa nyekundu. Katikati nilitundika blanketi kwenye kamba, upande wa nyuma jiko na vyombo, upande wa mbele kitanda cha kamba na sanduku. Niliona nimepata nyumba ya vyumba viwili ambayo naweza kuizunguka yote kwa mikono yangu. Jioni mume wangu alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mwanangu alimwangalia kwa muda, kisha akamletea maji ya kunawa bila kutumwa na mtu. Nilienda nyuma ya hema nikalia kidogo kwa furaha, nikarudi kusonga ugali.

Jirani yangu alikuwa mke wa dereva wa greda, mama wa Iringa mjini, Mwislamu, babu zake watu wa pwani waliokuja bara na biashara zamani. Ndiye aliyenifundisha kulea watoto porini. Uji wa mtoto aliuweka kwenye kopo juu ya injini ya greda wakati mumewe anaipasha moto asubuhi, ukawa tayari kabla kuni zangu hazijashika. Mtoto wa kutambaa alimfunga kanga kiunoni na ncha ya pili kwenye nguzo, akatambaa mpaka kanga ilipomwishia, akakaa hapo akila udongo kwa amani. Na kwa yule anayekimbia, alinipeleka kwa Wasangu wachunga ng'ombe tukabadilishana chumvi na njuga ndogo.

"Mfunge mguuni, shoga yangu," aliniambia. "Nyasi hizi ndefu. Jicho halitamwona, ila sikio litamsikia."

Basi mwanangu akawa mtoto wa kulia popote aendapo. Nilikuwa napepeta mchele huku nasikia njuga: sasa yuko kwa mafundi, sasa yuko kwenye mapipa, sasa imenyamaza, ana jambo. Ikinyamaza niliondoka mbio. Mara moja nilimkuta ameketi na kenge mdogo wanatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Vibarua nao walimpenda, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani na Kiswahili chake cha barabarani. "Mama, hii mtoto yako imeingia kwenye karai ya simenti!" "Mama, mtoto inasema inataka kuendesha greda!" Nilikwenda, nikamkung'uta, nikacheka.

Nepi nilizianika kwenye kamba za hema, kwa sababu kamba nyingine hazikuwepo. Kamba zilishuka pande zote mbili mpaka kwenye vigingi ardhini, na kila moja ilikuwa na vitambaa vyake vyeupe vikipeperuka. Bwana mkubwa wa barabara alipita siku moja na gari lake, akapunguza mwendo, akatazama, akavua kofia. Jirani yangu alisema hata Gavana hana bendera nyingi hivyo.

Jambo moja zaidi alinifundisha, na ndilo lililoleta balaa. "Kamba hizi za katani zikinywa maji zinafupika," alisema. "Ukiona wingu, legeza zote. Usipolegeza zitavuta mpaka ving'oke vigingi, na hema litakuja kukulalia."

Mwisho wa kiangazi mawingu yalianza kupanda upande wa milimani. Siku moja mchana lori la kutoka Mbeya likasimama, na nikamsikia jirani yangu akiita, "Shoga! Kuna mzee wa koti jeusi, anauliza hema la nyapara!"

Koti jeusi! Nilimnyakua mdogo, nikatokea mlango wa nyuma. Nilisikia njuga ikienda mbio mbele, halafu ikanyamaza, na mtoto wangu akicheka kama anatekenywa. Babu alikuwa amembeba.

Tukaanza kuishi hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Usiku alilala kwenye hema la stoo kati ya masepetu na sururu, na mchana alikaa kwenye mlango wetu wa mbele na mjukuu wake. Blanketi langu likawa mpaka wa nchi mbili. Nilipika nyuma, mtoto akapeleka chakula mbele, njuga ikienda na kurudi. Jirani yangu alishangaa sana. Alidhani nimenuna. Siku ya pili, kwa ukarimu wake wa mjini, alimshika mzee mkono, akamzungusha hema akisema, "Njoo baba, umwone mkweo anavyojua kupika!" Nilimsikia amebakiza hatua chache. Niliruka na mwiko wangu wa ugali nikaingia kwenye nyasi, nikachutama humo mpaka ugali ukaungua. Baadaye nilipomweleza, alikaa chini akashika kifua. "Hee! Makubwa haya! Na mkikutana mnakufa?" Nikamwambia hatufi sisi, tumbo linawaendesha watoto. Akasema kwao mkwe anapewa chai.

Njuga mzee aliichukia. Nilimsikia akimwambia mtoto kwa Kinyakyusa, "Gwe mwanangu, nani amekufunga hii? Umekuwa mbuzi?" Na hema pia alilichukia. Alizunguka akigusa nguzo, akivuta turubai, akiguna. Fundi wa mianzi ameletwa kwenye nyumba ya kitambaa, utamfurahishaje?

Jioni ile mume wangu alikuja upande wangu akachutama kando ya moto bila kunitazama. Akachokoa kuni ambazo hazikuhitaji kuchokolewa.

"Baba amekuja kumchukua mkubwa," akasema. "Keshokutwa asubuhi lori linarudi Mbeya."

"Umemjibu nini?"

"Ningemjibu nini, mama watoto? Ni baba."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya baridi na ya moto kwa pamoja. Mimi ni mtu wa kusema. Dukani nasema, kanisani nasema, bwana mkubwa mwenyewe nilishamwambia maji ya pipa yana kutu. Na sasa aliyetaka kuniondolea mwanangu alikuwa upande wa pili wa blanketi, namsikia anavyomeza mate, na yeye peke yake katika dunia yote ndiye niliyekuwa siwezi kumwambia neno. Nilimwomba mume wangu anisemee. Aliahidi atajaribu. Nilimjua: kujaribu kwake mbele ya baba yake kulikuwa kukohoa mara mbili na kuulizia hali ya migomba.

Kesho yake wanaume walipanda lori wakaenda mbali, greda ikafuata. Mchana upepo uligeuka ukaleta harufu ya udongo uliolowa, na wingu likaja jeusi. Nilitega sikio: mzee yuko kwenye hema la stoo, anafunga mzigo wake. Nikazunguka haraka nikalegeza kamba zote, nyuma na mbele, nikarudi kumnyonyesha mdogo. Nepi, kwa kuwa kamba zimelegea, zilishuka mpaka chini, lakini zilikuwa bado mbichi, nikasema nitazitoa nikimaliza kunyonyesha.

Nilipotoka niliona kamba za mbele zimekazwa kama ngozi ya ngoma. Nikashangaa. Nikadhani nimesahau, nikazilegeza tena, nikarudi ndani kwa kuwa mtoto analia. Nilipochungulia mara ya pili, zilikuwa zimekazwa tena, mbele na nyuma pia, na safari hii kwa fundo ambalo sijawahi kuliona, fundo zuri la mjenzi. Hapo nikaelewa, na hapo hapo tone la kwanza likanipiga kwenye pua.

Ile haikuwa mvua ya kwetu, inayokuja polepole kwa adabu. Ilimwagika. Mimi nilimtupa mdogo kitandani, nikaikimbilia kamba iliyo karibu, lakini fundo lile lilikuwa limeshalowa na halikutaka vidole. Kamba zilianza kulia. Nikaona kigingi cha kwanza kinachomoka kama jino, halafu cha pili, hema likainama, nepi zikaruka kwenda Iringa. Nilirudi ndani kwa mlango wa nyuma nikaikumbatia nguzo ya nyuma kwa mikono yote miwili. Ile ya mbele nikaiona inalala, inalala, nikapiga ukelele, halafu ikasimama wima ghafla. Mtu alikuwa ameishika. Kisha akakohoa.

Tukabaki hivyo, yeye na nguzo yake, mimi na yangu, blanketi katikati, na watoto wote wawili kitandani upande wake, maana mkubwa alikuwa ameingia na babu yake. Ngurumo ilipopiga nilimsikia mwanangu akishuka kitandani. Njuga ikaja, kichwa kikatokea chini ya blanketi, macho yanang'aa. Alikuwa hana hofu hata kidogo. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake.

"Mama! Babu anasema shika chini, usishike juu!"

"Mwambie babu nimeshashika chini!"

Kichwa kikazama. "Babu! Mama amesema ameshashika chini!" Kana kwamba babu alikuwa Tukuyu. Kichwa kikarudi. "Babu anauliza nani alilegeza kamba."

Hasira zikanipanda. "Mwambie ni mimi! Mvua ikija kamba zinavuta. Ndiyo maana zinalegezwa!"

Mvua tu, na turubai likipigwa.

"Mama, babu anasema yeye ndiye alizikaza. Anasema nepi zilikuwa zinaingia kwenye tope. Alizihurumia."

Hata ungekuwa wewe unayenisikiliza, ungecheka! Nilianza kucheka nimekumbatia nguzo, maji yananitiririka mgongoni. Mzee mzima, mzee wa kanisa, amezunguka hema akiokoa nepi za mjukuu wake kutoka kwenye tope, na mimi nikizishusha tena nyuma yake. Kama tungeweza kuambiana neno moja tu, hema lingesimama. Na kule upande wa pili nilisikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Naye alikuwa anacheka.

Mdogo aliamka akalia. Mikono yangu haikuwa na nafasi, wala ya mzee. Basi mzee akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzito ya chini, polepole, na nguzo yake ikitetemeka, na mtoto akanyamaza taratibu. Sijui ni ule wimbo au ni uchovu, lakini nilipata ujasiri. Nikajua kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Njoo hapa," nilimwambia mwanangu. Akaja. Nilimtazama yeye machoni, lakini nilisema kwa sauti ya kufika mbele. "Mwambie babu kwamba nyumbani ulimwita baba yako mgeni. Mwambie sasa unamjua. Jioni unalikimbilia lori kabla halijasimama. Mwambie najua anakupenda, najua ndizi zake, najua nyumba yake ina paa zuri. Lakini akikuchukua kesho, siku utakayoniona tena utauliza mgeni huyu ataondoka lini. Na mimi nitajibu nini? Mwambie siwezi. Mwambie achukue chochote kingine."

Mtoto alinisikiliza kwa makini sana. Aliingia chini ya blanketi. Nilimsikia akisimama mbele ya babu yake, akianza, "Babu, mama anasema..." Akakwama. Yalikuwa mengi mno kwa mtu wa miaka mitatu. Akaanza tena, "Mama anasema..." Halafu akaacha. "Babu, mama analia."

Mzee aliikaza mikono kwenye nguzo. Aliishikilia mpaka mvua ilipokata na tukasikia wanaume wakija mbio wakipiga kelele. Yeye akatoka mbele, mimi nikatoka nyuma.

Jioni yote nilimsikia akichonga. Alipata wapi mti mgumu katika nyasi zile sijui, lakini alichonga vigingi vipya vya hema zima, virefu, vyenye kichwa cha kushika kamba, na akavipigilia mwenyewe huku mume wangu akimulika. Mambo ya mtoto hakuna aliyeyataja. Nilifunga kifurushi chake kwa sababu hakuna aliyeniambia nisifunge. Nilimwosha kwenye karai, nikamvalisha shati lake la Krismasi. Jirani yangu alileta maandazi ya njiani, akaniwekea mkono begani.

Asubuhi lori lilikuwa linanguruma. Mzee alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia akiangalia upande wa Mbeya, mgongo kwetu, na nikajua amekaa vile makusudi ili niweze kusogea. Nilisogea mpaka ubavuni mwa hema. Mume wangu alimnyanyua mwanangu na kumweka mapajani mwa babu yake. Nilishika kamba ya hema.

Nilimwona mzee akiinama. Alikaa ameinama muda mrefu, vidole vyake vikifanya kazi kwenye mguu wa mtoto. Kisha akamnyanyua, akamrudisha kwa baba yake, na nikamsikia akisema, "Nenda kamwambie mama yako."

Mwanangu akanikimbilia, na kwa mara ya kwanza tangu tufike porini sikumsikia akija. Akanifikia akihema. "Mama, babu anasema nibaki. Anasema anaondoka na njuga yangu. Anasema kule nyumbani ni kimya."

Lori likaanza kuondoka. Hapakuwa na muda wa kumtuma mtoto tena. Basi nilipaza sauti mwenyewe, nikafunika uso wangu kwa kanga, nikasema, "Ndaga fijo, tata!" Asante sana, baba. Mume wangu aliganda. Mzee hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, na njuga ililia mle mkononi mwake mpaka lori lilipoingia kwenye kona.

Watoto hawakuendeshwa na tumbo. Niliwachunguza wiki nzima.

Yale ndiyo maneno pekee niliyowahi kumwambia. Tulipohamia kambi ya mbele, na nyingine ya mbele yake, vigingi vyake tulikuwa navyo, na wingu likija nililegeza kamba nikamkumbuka. Alifariki baada ya Uhuru, nasi tuko Iringa, tukafika amekwisha kuzikwa. Mwanangu huyo sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na kila tukienda Rungwe wazee wanamshika mashavu na kusema ni babu yake mtupu, macho, pua, mpaka anavyokunja uso. Mimi ninamtazama nikiwa nimekaa kando, ninamtazama sana. Uso wa mzee mimi sikuwahi kuuona. Nawaamini tu.